Fundi Apande

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asinisome akitafuta shujaa. Nimefunga umeme wa magari hapa Kindu tangu ujana wangu, nimeshika betri na nyaya maisha yangu yote, na bado nikisikia jipu linasimama mbele ya karakana yangu jasho jembamba linanitoka. Mke wangu hunicheka. Anasema fundi anayeogopa wateja angeuza mihogo.

Hapa kwetu kuna desturi moja. Ukifunga taa za ziada juu ya jipu, zile kubwa za barabara za msituni, mwenye gari haondoki peke yake. Fundi anapanda naye safari ya kwanza, kwenda na kurudi, ili zikizimika njiani aliyezifunga awepo, ashuke, azitengeneze. Vijana wanadhani ni ujanja wa wafanyabiashara. Mimi nilikuwepo siku neno hilo liliposemwa kwa mara ya kwanza, na halikusemwa na mfanyabiashara.

Ilikuwa wakati wa vita. Mji walikuwa nao waasi, msitu walikuwa nao wengine, na sisi tulikuwa katikati tukila sombe, majani ya mihogo, bila chumvi. Kamanda mmoja alikuja na jipu alilonyang'anya sijui wapi, akanimwagia chini taa nne zilizong'olewa kwenye magari tofauti. Hazikufanana hata mbili. Alitaka zikae juu ya paa na zote ziwake kwa swichi moja.

Taa nne za namna ile zinakula umeme mwingi. Zinataka waya mnene, fyuzi, na rele, yaani kile kisanduku kidogo kinachobeba umeme mzito ili swichi isiungue. Rele sikuwa nayo, na hakuna duka lililokuwa nayo, maana siku hizo hakuna kilichofika Kindu, si kwa treni si kwa mto. Waya niliuchuna kwenye behewa bovu karibu na stesheni. Umeme wote nikaupitisha katika swichi ndogo ya feni. Nilitaka kumwambia kamanda kwamba ile swichi haitadumu, lakini ulimi ulikataa kabisa. Taa ziliwaka, akatabasamu, nami nikaanza kukusanya koleo zangu niende nyumbani.

"Unaenda wapi?" aliniuliza. "Fundi apande. Taa ikizimika, na wewe unazimika."

Tulivuka mto kwa kivuko alasiri, kuelekea Kailo. Mama yangu alisimama ukingoni akiniangalia mpaka tukafika ng'ambo. Nilikaa katikati ya dereva na kamanda, na nyuma ya shingo yangu walikaa watu wenye bunduki. Jua lilipozama kamanda akawasha. Barabara ikawa nyeupe, majani ya pande zote mbili yakawa meupe, na hapo ndipo nilipoelewa nilipokuwa nimekaa. Taa zikizimika, nitauawa na walio ndani ya jipu. Zikiendelea kuwaka, walio msituni watatuona tangu mbali na kutungoja. Nilitaka kusali na sikujua niombe mwanga au niombe giza. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo linalonirudia mara nyingi zaidi.

Harufu ya plastiki inayoungua niliisikia kabla yao. Niliinama kana kwamba najikuna mguu, nikaingiza mkono chini ya dashibodi, nikazing'oa nyaya mbili kwenye swichi iliyokuwa ikiyeyuka na kuzikandamiza pamoja kwa vidole, na kipande cha shati langu kikiwa juu yake. Kamanda hakujua. Taa zake zote nne zilikuwa zinawaka kwa sababu ya mkono wangu. Joto likapita kwenye kitambaa, likaingia kwenye ngozi, na mimi nikauma meno nikitazama mbele.

Kwenye kona moja watu walitokea ndani ya ule mwanga. Akina mama wenye vikapu mgongoni, na mzee aliyesukuma baiskeli yenye magodoro. Walisimama tu, macho yamepofuka. Kamanda akasema, "Simamisha," na nyuma yangu nikasikia bunduki zinakokiwa.

Vidole vyangu vikaachia. Mke wangu ameniuliza mara nyingi kama niliachia kwa makusudi, na ningependa sana kumjibu ndiyo. Nilikuwa naungua na naogopa, na mkono ulifunguka. Katika giza nilisikia vikapu vinaanguka na miguu inakimbilia majanini. Nilipozishika tena zile nyaya, barabarani palikuwa na vikapu na baiskeli tu, imelala ubavu, gurudumu linazunguka.

Kofi la kamanda lilinipasua mdomo.

"Waya imetoka, afande," nikasema. "Niko nashika na mukono."

Nilimwonyesha vidole. Aliviangalia, akacheka, akawaamuru watu wake wapakie magodoro, na tukageuza. Nilishika nyaya zile mpaka mtoni. Kidole gumba hiki mpaka leo hakisikii moto wala baridi.

Tulipofika mtoni na zile taa kuangaza upande wa mji, kila mtu aliyekuwa ukingoni alikimbia. Mama yangu, aliyekuwa ananisubiri tangu alasiri, alikimbia nao. Nilimkuta nyumbani amejifungia na kusukuma meza mlangoni, nikalazimika kusema jina langu na la marehemu baba ndipo afungue. Alilia kwa aibu. "Niliona ile mataa, mwanangu," akasema, "na miguu njo ilinibeba." Nilimcheka kidogo, eti miguu ndiyo iliyombeba. Nilikuwa kijana, sikujua kitu.

Vita ikasogea, kamanda akaenda zake, lakini neno lake likabaki. Wenye magari walilipenda, na mafundi tukalizoea. Nimepanda majipu mengi tangu hapo, roho mkononi kila safari.

Sasa ninafanya kazi na binti yangu. Ni mtu mzima, ana mkono mtulivu na mdomo mkali. Juzijuzi mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa kwaya, mpole, alituletea jipu lake la kupeleka bidhaa mji wa Kama, kwenye machimbo ya dhahabu ng'ambo ya mto. Alitaka taa ndefu za kisasa juu ya paa, soketi za kuchajia simu na friji ndogo nyuma. Binti yangu alifunga vyote peke yake. Aliweka rele, akaweka fyuzi karibu na betri, na kila tundu la chuma ambamo waya unapita alilivalisha mpira ili usikatwe. Nilikagua kila kiungo nikitafuta kosa la kumzuia asiende. Sikulipata, na nilisikitika kuona kazi nzuri namna ile.

"Papa fundi, kazi iko bien, muzuri kabisa," yule mfanyabiashara akasema. "Kesho asubui fundi apande, tuende."

"Nitapanda mimi," nikamjibu.

"Nani njo alifunga?"

"Njo mimi," binti yangu akasema, na tayari alikuwa anafuta koleo zake.

Nilimvuta binti yangu pembeni. "Mama," nikamwambia, kama tunavyowaita mabinti zetu, "ile njia ni mubaya."

"Iko mubaya siku zote, Papa. Na wewe hii rele ya sasa hauijue. Ikizimika utafanya nini, utashika na mukono?" Kisha akaniona uso, akashusha sauti. "Vita iliisha, Papa."

"Nani alikuambia?" nilimfokea, naye akatia koleo zake mkobani. Asubuhi akapanda.

Walisema watarudi Alhamisi. Alhamisi ikapita. Simu ya binti yangu haikupatikana. Ijumaa nilishinda ukingoni nikigombana na wauza samaki bila sababu, na chakula alicholeta mke wangu nikakirudisha. Nilijiambia ni tope, ni gurudumu, ni daraja. Sikuyaamini maneno yangu hata kidogo. Jumamosi nilirudi tena palepale.

Jua lilipokwisha kuzama, taa zikatokea ng'ambo. Nyeupe, kali, zimeelekezwa mtoni moja kwa moja, kwangu.

Nilipojitambua nilikuwa juu ya mteremko, nyuma ya ukuta wa ghala, nahema, na mguu mmoja hauna kandambili. Chini wauza samaki walikuwa bado wamekaa, wakifunga vikapu vyao taratibu. Hakuna mwingine aliyekuwa amekimbia. Nilibaki pale nimeshikilia ukuta mpaka kivuko kilipofika na nikasikia sauti ya binti yangu ikiuliza nilipo.

Alipanda mteremko amejaa tope hadi magotini. Daraja lilivunjika, akaniambia, wakangoja magogo siku mbili. Taa hazikuzimika hata mara moja.

"Niliziwasha kule ili ujue niko muzima," akasema. Kisha akaninyooshea kandambili yangu, aliyoiokota chini. "Papa, ulikuwa unaenda wapi?"

"Nilifuata kivuli," nikamwambia, na giza lilikuwa limeshaingia.