Kona za Bwana Shamba

Bwana shamba wa Iyula haamini macho, anaamini meno. Fiwi, kunde zinazopandwa kufunika shamba, zikichanua hukata shina, akalitafuna macho yamefumbwa, akatema na kusema, "Hizi sasa zimefika." Hapo maksai wawili hufungiwa pipa lililojazwa maji, lenye vyuma alivyochomelea fundi wa Tunduma, likaviringishwa shambani mpaka fiwi zote zikalala, mashina yamepondeka. Zikinyauka zinalifunika shamba kama blanketi, na mahindi hupandwa humo humo, bila jembe wala dawa ya magugu. Mama yeyote akiomba aachiwe japo mstari mmoja wa fiwi za mboga, hujibiwa kwa sauti yake ya mkutanoni, "Zikizaa, mbegu zitakuja kusumbua mahindi." Edina, mmoja wa akina mama hao, ameisikia sauti hiyo misimu minne, na kila mara huitikia, "Sawa, bwana shamba."

Siku moja, mahindi yakiwa ya magotini, Edina alimkaribisha chakula. Bwana shamba alikula ugali kwa fiwi, akaongezewa, akaongezewa tena, akilamba vidole mpaka kwenye kiganja. Kisha mkono ukasimama juu ya bakuli. "Mama, fiwi hizi umezitoa wapi? Shamba lako si nililiponda lote likiwa na maua?"

"Kwenye kona," alisema Edina, akifunika chungu. "Ng'ombe wako hawawezi kukunja hapo, pipa huiruka."

Bwana shamba alifumba macho, akatafuna taratibu kama anavyotafuna shina. Msimu uliofuata aliwaswaga maksai mwenyewe, na kila kona aliyoiacha ingetosha kujengea nyumba.