Dawa ya Macho ya Koko

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nilizokosea, naandika polepole. Leo nimenusa sabuni ya hospitali mikononi mwa mtu, nikamkumbuka bibi wa Kiinuiti kutoka Greenland, jirani yetu kule Husby, mtaa tulioishi ughaibuni.

Kila jioni mama alipotoka kazini hospitalini, mikono ikinukia sabuni hiyo, alipitia kwanza kwake kumtia dawa ya macho. Alimwita koko, kama tunavyomwita bibi kwetu Kongo. Alimlaza kichwa mapajani, akambembeleza: “Koko, angalia juu.” Mimi nilisimama mlangoni, koti mwilini.

“Watu wengi wa kwao wana nafasi finyu mbele ya jicho,” mama alinieleza. “Maji ya ndani yakikosa pa kutokea, presha ya jicho inapanda, mtu anapofuka.”

Nilitamani macho kama ya koko. Siku moja nikasema, “Mama, hata mimi yananiuma.”

Akanichunguza, akacheka. “Yako mazima. Kinachokuuma ni wivu, mwanangu.”

Hata hivyo alinilaza, akanidondoshea tone la maji safi. Nilipofumbua macho, alikuwa amesharudi kumshika koko mkono.

Kama nawe umewahi kumwonea mgonjwa wivu, tafadhali niandikie.