Ufunguo Uliolala Kinanira

Nisameheni mwandiko huu, na makosa ya herufi ambayo ninyi mtayaona kabla yangu. Niliishia darasa la sita na naandika polepole. Hata barua ya salamu hunichukua jioni nzima. Lakini niliwahi kuwa mwanaharakati wa haki ya afya, na fulana yake ninayo mpaka leo, kwa hiyo naona ninao wajibu wa kueleza ilikuwaje.

Ilikuwa miaka ya vita. Mtaani kwetu Buyenzi kulikuwa na kituo cha afya chenye chumba cha kuzalia. Kila siku saa tisa mkuu wa kituo alikifunga chumba hicho, akautia ufunguo mfukoni, akapanda kwake Kinanira, mtaa wa mbali huko mlimani, kabla ya amri ya kutotoka nje kuanza. Mkunga aliishi nyuma ya ukuta wa kituo, karibu kiasi cha kusikia mlango ukigongwa. Kusikia alisikia. Ufunguo ulikuwa Kinanira. Mtoto wa kwanza wa dada yangu alizaliwa jua likizama, mbele ya mlango huo, na hakulia. Sasa dada alikuwa na mimba nyingine, na ilikuwa imekaribia kutimia.

Ndipo lilipokuja shirika moja kutufundisha kutetea haki zetu. Tulikusanywa chini ya turubai, tukapewa fulana. Mkufunzi alitoka mbali. Alisema Kifaransa na mtu mwingine akatufasiria. Tusiombe, alisema, tudai. Tumwangalie mkubwa machoni, tuseme sisi kwanza, tuseme wazi. Ili tuzoee, alivua koti lake akakivalisha kiti, akasema huyo ndiye waziri. Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alilifokea koti mpaka likaonekana kujuta. Zamu yangu ilipofika nilishindwa kuliangalia hata koti.

Nyumbani dada aliniuliza, "We, wamekufundisha kusema?"

"Ndiyo."

"Basi sema."

Nikaziangalia ndala zangu.

"Wamepoteza chaki yao," akasema, akarudi kuchagua mchele.

Mafunzo yalipokwisha wakachaguliwa watu watatu wa kwenda kwa mkuu wa kituo. Fundi wa magari aliyekuwa mwenyekiti wetu angesema. Mama wa ndagala angesema zaidi. Mimi niliongezwa kwa sababu mkufunzi alitaka kila ujumbe uwe na kijana. Kazi yangu ilikuwa kukaa pale na kuwa kijana.

Siku yenyewe iliangukia Ramadhani. Wenzangu wote wawili ni Wakristo, kwa hiyo mfungo haukuwagusa. Mkuu alitupokea vizuri mno. Aliagiza viti, akauliza habari za nyumba zetu moja moja, akatuma ziletwe fanta tatu za baridi.

"Shefu," fundi akaanza, "tumekuja kudai..."

"Mukunywe kwanza, muzee wangu. Jua ni kali."

Wakanywa. Hapo ndipo mafunzo yote yalipoharibika. Kwetu, ukishakunywa chupa ya mtu nyumbani kwake au ofisini kwake, humkaripii tena. Utamkaripia siku nyingine, mahali pengine. Mkufunzi hakulijua hilo, kwa sababu yeye alitembea na maji yake mwenyewe. Fundi alifuta midomo, akauliza watoto wa mkuu wanaendeleaje na shule. Mama wa ndagala, aliyelitia koti adabu, alisifu pazia.

Mkuu akaiona chupa yangu, bado ina kizibo.

"Na we, kijana? Unakataa yangu?"

"Apana, shefu. Mi niko nafunga."

"Ah. Ramadhani."

Wote wakanigeukia, wakangoja niongeze neno la adabu. Nikatambua kwamba kati yetu wageni ni mimi peke yangu ambaye sikuwa nimekunywa. Niliangalia ndala zangu, nikaziambia:

"Dada yangu mimba imetimia. Mutoto wa kwanza alikufia kwa mulango yenu. Mukunga analala hapa. Ufunguo inalala Kinanira."

Sikuwa na zaidi ya hayo. Mama wa ndagala akaiweka chini chupa yake, imebaki nusu.

"Ni kweli, shefu," akasema taratibu. "Mi nilikuwepo. Ni mi nilimufunga yule mutoto na kitenge."

Mkuu akautoa ufunguo mfukoni.

"Kwa sababu ya dada yako, nitamuachia mukunga. Mupaka azae. Akizaa, uniambie, niuchukue."

Fundi alimshukuru kwa hotuba ndefu, hotuba bora kuliko zote alizotoa chini ya turubai. Mkufunzi aliposikia alitupongeza kwa kudai haki yetu. Hatukumwambia kwamba ufunguo tulikuwa tumeazimwa tu.

Dada akajifungua saa sita mchana, milango yote wazi, mkuu mwenyewe akiwa mjini kwenye mkutano.

"Tumehangaika hivyo," dada akasema, akimwangalia binti yake, "kumbe huyu anaogopa giza."

Lakini wiki hiyohiyo, magharibi, jirani yetu alifikishwa kituoni uchungu umekomaa. Mkunga alitoka nyuma ya ukuta, akafungua. Tulikuwa uani kwetu, hatua chache kutoka kituoni, tunafuturu tuliposikia mtoto akilia. Dada aliacha kula, akasikiliza mpaka kilio kikaisha.

Baada ya Idi mkuu alinikuta njiani.

"Dada yako, amezaa?"

Mafunzo yalisema nimwangalie machoni, nijibu wazi. Niliangalia ndala zangu. Alingoja.

"Vijana wa leo, hata kujibu hawajui," akasema. "Bado, basi." Akaenda zake.

Mvua zilipoanza aliniuliza tena. Wakati huo binti wa dada alikuwa amechanjwa palepale kituoni, na mkuu mwenyewe alimpapasa kichwa akasema ana afya. Sijui alikuwa ananiuliza nini. Niliangalia chini, akasema "bado, basi," na ufunguo ukabaki kwa mkunga.

Ninyi mliosoma mpaka hapa, niandikieni. Kusema bado kunanishinda, lakini barua nasoma, hata yenye mwandiko mbaya kuliko huu. Mniambie huko kwenu ufunguo unalala wapi.