Nimemsamehe Mudiri

Miye mtu wa kuhangaika, nnajijua. Niliposikia mudiri, mkuu wa skuli ya binti yangu, yule mzee wa Kijerumani aliyeanza kwa kusomesha Kilatini, kalazwa hospitali, usingizi ulinipaa. Tulikuwa hatusemezani tangu amfelishe mtoto wangu.

Juzi napita mtaa wa Bawshar, nikaona viti vimepangwa nje ya nyumba yake na magari yamejaa njia nzima. Nikajua kafa. Maiti haendi kaburini na kinyongo cha mtu, basi nikajifunika buibui langu, nikaingia nikilia mpaka kwa mkewe, nikamkumbatia. Watu wakageuka kututazama.

Nikasema kwa Kiarabu, wasikie wote: "Kumfelisha binti yangu Kilatini, nimemsamehe. Kusema kweli, mtoto hata kitabu hakufungua. Na matusi yangu yote, naye anisamehe huko aliko."

Mkewe akanipapasa mgongo, akanambia taratibu kuwa ile ni sherehe ya mumewe kustaafu.

Kabla sijamjibu nikasikia sauti nyuma yangu. Mudiri alikuwa amesimama na kisu cha keki mkononi.

"Bibi Zuwena," akasema, "matusi gani?"