Siku Wanjugu Alipoonja Supu ya Wajapani

Wanjugu alikuwa ameuza supu ya mifupa mtaani Uthiru kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kununua supu ya mtu mwingine. Wateja walimwita Mama Ndegwa, kwa jina la kifungua mimba wake. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya buchari, mabati matatu na mabenchi mawili, na sufuria yake ilikuwa kubwa hata ilibidi ailaze ubavu ndipo aweze kuisugua ndani.

Jambo moja tu lilimsumbua. Supu ya asubuhi ilikuwa tamu, ya saa sita ikawa tamu zaidi, lakini ya jioni ilimfanya mtu akunje uso kwa chumvi. Maji yalipungua, chumvi ikabaki. Akiongeza maji, ladha yote ilipotea. Dedan, fundi wa viatu aliyepitia hapo kila akifunga kazi, alikuwa na neno lake: "Mama Ndegwa, leo tena umetuletea bahari."

Mteja mwingine wa jioni alikuwa Ivyne, msichana kutoka Vihiga aliyefanya kazi mapokezi katika hospitali moja ya Parklands. Mwaka uliotangulia alilazwa chini na homa, na Wanjugu alimpelekea supu chumbani siku tano mfululizo. Kwa hiyo Ivyne alipoajiriwa rasmi, baada ya kufanya kibarua miaka miwili, alikuja kibandani moja kwa moja na barua mkononi.

"Mama, Jumamosi usifungue. Nakupeleka kula."

"Kula wapi?"

"Kuna hoteli ya Wajapani karibu na kazini. Wanapika kitu inaitwa rameni. Ni supu ya mifupa, halafu wanaweka tambi ndani."

Wanjugu aliweka upawa chini. "Wajapani wanachemsha mifupa?"

"Si ndio nakuambia."

Tangu siku hiyo alihesabu siku kama mtoto anayengoja Krismasi. Jumamosi alikuwa amevaa gauni la kanisani kufikia saa tatu asubuhi, na walikuwa wamepatana kuondoka saa tano.

Hoteli yenyewe ilikuwa ndogo, viti vyake virefu vimepangwa mbele ya jiko. Wanjugu alikataa meza ya dirishani. Alitaka kukaa pale anapoona moto. Kutoka kwenye kiti chake aliona sufuria mbili ndefu zikitoa mvuke, na kijana mmoja mwenye kitambaa kichwani akizichungulia kama mtu anayelinda mtoto mgonjwa.

Bakuli lilipokuja, alilitazama kwanza. Supu ilikuwa nyeupe kama maziwa. Juu yake kulikuwa na vipande viwili vya nyama ya nguruwe, nusu yai lenye kiini laini, majani ya kitunguu, na kipande cheusi chembamba ambacho Ivyne alisema ni mwani. Alijaribu vile vijiti viwili vya kulia. Tambi zikateleza. Akajaribu tena, zikateleza tena, na supu ikamrukia kifuani. Basi akaviweka kando, akainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa.

Akashusha bakuli na kulichungulia ndani. Ivyne alianza kuogopa kwamba haikumpendeza.

"Hii mifupa iko motoni tangu jana," Wanjugu alisema. "Na wameipasua, ndio uboho utoke."

Msichana aliyekuwa akiwahudumia alimsikia. Alicheka, akaenda kumwita mpishi. Yule kijana wa kitambaa akaja akipangusa mikono.

"Nani amekuambia habari ya mifupa yangu, mama?"

"Ulimi wangu. Mimi pia napika supu, Uthiru. Naitwa Mama Ndegwa."

Jina la kijana lilikuwa Mwanzia, na alijifunza kazi hiyo kwa Mjapani mwenye hoteli. Aliposikia kwamba Wanjugu amepika supu miaka kumi na tisa, alimfungulia kijilango cha jikoni bila kuuliza zaidi. Wanjugu akaingia na gauni lake la kanisani hadi mbele ya sufuria.

"Masaa kumi na nane," Mwanzia alisema, akamchotea kidogo.

Wanjugu alionja, akakunja paji la uso. "Mbona hii haina chumvi?"

"Hatuweki chumvi kwa sufuria. Chumvi iko kwa bakuli." Akamwonyesha: kijiko kimoja cha sosi nyeusi ya soya chini ya bakuli, kisha supu moto juu yake. "Ukiweka kwa sufuria, maji ikipungua unaharibu yote."

Wanjugu alimshika mkono, akasahau kuuachilia. "Rudia hapo," alisema.

Mwanzia akarudia.

Wanjugu alirudi kwenye kiti, akaomba uma, akamaliza tambi zote akizivuta kwa sauti kama walivyofanya wateja wengine. Njia nzima ya kurudi aliongea yeye peke yake.

Jumatatu hakutia chumvi hata chembe katika sufuria. Alipika kando mchuzi mzito wa chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, na kila kikombe akakitilia kijiko kimoja kabla ya kumimina supu. Mafundi wa asubuhi walimtazama kwa shaka. "Siku hizi supu inapikiwa kikombeni?" mmoja aliuliza. Wanjugu akamimina kikombe kilichofuata. Moyo wake ulikuwa ukingoja jioni.

Dedan alikuja, akaketi, akanywa. Wanjugu alijifanya anachochea moto. Dedan akanywa tena hadi chini, akamnyooshea kikombe kitupu.

"Umefanya nini?"

"Kunywa tu, Dedan."

Jua halijatua, sufuria ilikuwa imekwisha. Ivyne alipofika alikuta Wanjugu akiikwangua, akimcheka kwamba amechelewa.

Wiki mbili baadaye, siku yake ya mapumziko, Mwanzia alitokea Uthiru akiuliza kwa Mama Ndegwa ni wapi. Alikaa kwenye benchi kati ya waendesha bodaboda na kuonja polepole.

"Kuna kitu inawasha kwa mbali. Si pilipili."

Wanjugu akatoa mkebe wenye vipande vya gome la muthiga, mti ambao nyanyake alitilia supu ya kila mzazi mpya. Mwanzia alitafuna kipande, machozi yakamtoka, akacheka.

"Naweza kupata kidogo nikajaribu?"

"Itie mwisho mwisho," Wanjugu alimwambia akimfungia kwenye gazeti. "Ukiitia mapema, inakuwa dawa, si chakula."

Mwanzia akatoa simu na kuandika maneno hayo. Kisha akaomba kikombe cha pili.