Mama Mbio Afundishwa Kungoja

Mtaani walimwita Mama Mbio, na hakuwa na la kujitetea. Alishona mguu mmoja ukiwa kwenye pedeli ya cherehani, mwingine ukielekea jikoni. Mteja hajamaliza kueleza anataka gauni la namna gani, yeye keshamzungushia futi kiunoni. Kukaa kitako kulimtia kichaa.

Binti yake alizaliwa haoni wala hasikii. Baba mtu ndiye aliyempachika jina la Bosi, kwa kuwa nyumba nzima ilimtumikia. Kabla njaa haijamfika Bosi, kijiko kilishafika mdomoni. Kabla baridi haijamgusa, sweta lilishapita kichwani. Mama Mbio aliona hayo ndiyo mapenzi, na nani angemlaumu? Ila mtoto alitimiza miaka sita bila kuomba kitu chochote duniani, na hilo lilimkosesha mama yake raha. Nikifa kesho, alijiuliza, nani atajua mwanangu anataka nini?

Basi akapatikana mwalimu wa kuzungukia watoto majumbani, binti mpole aliyekuja kila Jumatano.

"Lugha yake iko mikononi," mwalimu alimwambia. "Lakini ukiweka mikono yako juu ya yake, unamburuta. Weka yako chini, yake ikae juu, aifuate mwenyewe. Halafu ungoje, dada."

"Ningoje nini?"

"Aombe."

"Na asipoomba?"

"Unangoja tena."

Afadhali angeambiwa abebe magunia. Walianza na uji. Bakuli likiisha, Mama Mbio alipangusa kiganja kwa kiganja, vya Bosi vikiwa juu ya vyake: kwisha. Bakuli likijaa, alingoja. Alingoja vibaya, goti likimcheza, macho kwenye kitambaa cha watu kilicholala mezani, na mwisho uvumilivu ulimshinda akamlisha. Bosi alikuwa amekwisha kumjua mama yake. Alikaa tu, mdomo wazi.

Kulikuwa na lingine lililofukuta moyoni mwake. Mumewe alifungasha nguo zake msimu wa mvua, kisha akapiga simu kutoka mbali kusema asisubiriwe. Mama Mbio hakumwambia mtu. Majirani waliambiwa amesafiri kikazi, mwalimu naye akaambiwa hivyo hivyo, na aliyasema vizuri kiasi kwamba kuna siku alijikuta akimpimia mumewe mchele wa kupika.

Jumatano moja mwalimu alikaa jirani naye kabisa, akamwekea mkono juu ya lile goti. "Leo hatuinuki," akasema. Mlango ukagongwa. Mteja akaita, akasonya, akaenda zake. Uji ukaanza kupoa. Mama Mbio alihisi mwili mzima unamwasha.

Ndipo Bosi alipousukuma uji pembeni. Akapapasa, akaupata mkono wa mama yake, akateremka nao mpaka kwenye kifundo, akakizungushia vidole na kukibana mara mbili.

"Amesema kitu huyu," mwalimu akanong'ona. "Ni nini hicho?"

Mama Mbio alijua. Ndivyo baba wa Bosi alivyokuwa akijitambulisha kila arudipo: alimshika mtoto kifundo cha mkono, akabana mara mbili, kisha akamrusha juu. Hakuna aliyekusudia kumfundisha neno. Mtoto alilichukua mwenyewe, akakaa nalo muda wote huo, na nyumba nzima haikunyamaza kumpa nafasi ya kulitoa.

"Anamuulizia baba yake."

Uso wa mwalimu ulichanua. "Basi mjibu, dada. Mwambie anakuja."

Bosi alibana tena. Kisha akaviacha viganja vyake wazi, akangoja, na alijua kungoja kuliko mama yake. Mkono wa Mama Mbio ulikuwa umeshakimbilia kijiko. Amzibe mdomo kwa uji, yaishe. Hasira zikampanda, hasira kwa yule mwanamume aliyemwachia mtoto swali, na mama mtu akamwachia jibu. Kuwadanganya majirani kulikuwa rahisi, kila mtu ana mambo yake. Lakini huyu hakuwa na pengine pa kwenda kuuliza.

Akakiweka kijiko chini. Akaingiza mikono yake chini ya ile midogo, akapangusa kiganja kwa kiganja, polepole, yeye ambaye hakuwahi kufanya kitu polepole. Kwisha.

Mwalimu alimtazama.

"Hajasafiri," Mama Mbio akasema. "Ametuacha." Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe, na kwa kweli yalimuuma.

Bosi akakishika tena kifundo, akabana kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa na bado anagonga. Mama yake akamjibu. Bosi akauliza tena. Machozi yalimtiririka Mama Mbio na kudondokea viganja vyao, na hakuinuka kutafuta kitambaa. Miaka yote alitamani mtoto wake aombe kitu kimoja tu. Ameomba, na hakuwa nacho cha kumpa. Akakaa pale pale, akamjibu kila alipouliza.