Siku Paswadi Yangu Ilipokataa

Tovuti ya zamani ya kanisa letu pale Changamwe ilikuwa ikifunguka kwa kuimba. Ukiigusa tu, kwaya inapaza sauti popote ulipo, na kitufe cha kuinyamazisha hukioni. Iliwahi kuniaibisha kazini, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, madereva wa malori wamejaa wakisubiri karatasi zao. Lakini kilichonifanya nishike kazi ya kuibadilisha si kwaya. Ni mama mmoja aliyetoka Mariakani kuja kwenye ibada ya kumkumbuka kakake. Saa aliiona kwenye tovuti, na ile ilikuwa saa ya zamani ambayo hakuna aliyejali kuiondoa. Alifika watu wanakusanya viti. Akasimama mlangoni, leso begani, akaniuliza, "Kwani mmemaliza bila mimi?"

Nilimtafutia maji, nikakaa naye mpaka alipopata gari la kurudi.

Wiki ile ile nikaenda kwa mchungaji kuomba ruhusa niitengeneze tovuti upya. Kazi hiyo nilikuwa nimejifunza ofisini, kidogo kidogo, tajiri alipokataa kuajiri mtu wa kututengenezea ya kwetu. Mchungaji akafurahi, kamati ya kanisa ikakubali. Nikamwomba shoga yangu tushirikiane. Huyo tulikua pamoja, tukabatizwa siku moja, na wanangu humwita mama mdogo. Tena alikuwa karani wa kanisa, hakuna muumini asiyemjua.

Hatukuanza na rangi wala picha. Baada ya ibada tulikaa ukumbini, tukawa tunawaita watu mmoja mmoja. Tunampa mtu simu, tunamwambia, "Hebu tutafutie saa ya ibada ya Jumapili," kisha tunanyamaza na kutazama kidole chake kinakwenda wapi. Mzee mmoja alizunguka kwenye picha za askofu zilizokuwa zikipishana zenyewe, akadhani ndiyo tovuti nzima. Msichana wa kwaya aligusa "Kutuhusu", akakutana na historia ndefu ya kuanzishwa kwa kanisa, akacheka na kuirudisha simu. Mama mmoja wa Ziwa la Ng'ombe, ambaye hufua nguo za watu, aligusa na kugusa, kioo kisimsikie.

"Mwanangu, mbona hii simu hainitaki?"

"Si wewe, mama," nikamwambia. "Vitufe ni vidogo mno."

Basi tukaanza kupunguza. Kwaya tukainyamazisha. Maandishi ya manjano juu ya weupe tukayafanya meusi. Juu kabisa tukaweka saa za ibada, chini yake namna ya kufika kutoka stendi, kisha simu ya mchungaji wa zamu, kisha habari za misiba, kwa sababu tuligundua hicho ndicho watu wanachokitafuta kuliko mahubiri. Vitufe tukavifanya vipana, hata mtu mwenye vidole vya kazi avipate. Yule mama wa Ziwa la Ng'ombe alipofikiwa tena na zamu ya kujaribu, saa ilimtokea mara moja. Akainyanyua simu juu kuwaonyesha wenzake kama mtu aliyeshinda kitu.

Kazi kubwa tuliifanyia nyumbani kwa shoga yangu, Mikindani, alasiri za Jumamosi. Mimi kwenye kompyuta, yeye akinisomea makosa, akinipikia chai, akiwapigia viongozi wa vikundi kuuliza mikutano yao. Ni alasiri moja ya hizo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nilikuwa naandika ukurasa wa semina ya ndoa, mikono ikanikwama.

Nikamwambia lile ambalo sikuwa nimemwambia hata mama yangu. Mume wangu, ambaye kanisani nilisema amepata kazi melini, hakuwa melini. Alikuwa Likoni, kwa mwanamke mwingine, na alikuwa ameshachukua nguo zake zote.

Shoga yangu alinishika mikono yote miwili. "Hili halitoki hapa," akasema. "Nakuapia."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Usingizi wa siku ile naukumbuka mpaka leo.

Jumapili ya kuizindua tovuti, niliwavalisha watoto nguo mpya, tukakaa mbele. Projekta ikawashwa. Mwenyekiti wa kamati akasimama, akamwita shoga yangu aje aieleze. Akaeleza vizuri, kwa sauti yake ile tamu, jinsi tulivyowaita watu ukumbini, ila yeye alisema "nilivyowaita". Mwishoni akawashukuru mchungaji, kamati, "na wote waliosaidia kwa njia moja ama nyingine." Nilipiga makofi. Nilijiambia amepatwa na woga wa kusimama mbele za watu.

Siku chache baadaye nilitaka kuongeza tangazo la msiba. Paswadi ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Nikampigia shoga yangu, hakushika. Nikaenda kwa mchungaji.

Alinikaribisha, akaniuliza hali ya watoto, akazungusha pete yake kidoleni muda mrefu.

"Binti yangu," akasema, "kamati imeonelea upumzike kwanza. Idara ya mawasiliano, inayoshika tovuti, ndiyo uso wa kanisa. Mambo ya nyumbani yakitulia, tutakuita."

"Mambo gani ya nyumbani, mchungaji?"

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu niliyemwambia.

Nilikwenda Mikindani moja kwa moja. Nilimkuta uani akikuna nazi. Aliponiona, hakuinuka.

"Waliniuliza," akasema kabla sijafungua kinywa. "Walitaka kukufanya mkuu wa idara, wakaniuliza kama kwako ni shwari. Ulitaka niidanganye kamati?"

"Nilitaka unyamaze."

Alikuna nazi kidogo, akaacha. "Kila mtu alikuwa anakusifu wewe. Kila nikipita, 'mwenzako ana kichwa, mwenzako ana kichwa.' Na mimi je? Mimi nilikuwa wa kupika chai?"

Nilisubiri aseme samahani. Nilisubiri kwa kweli, nimesimama pale, nazi ikimdondokea kwenye khanga. Ningemsamehe palepale. Badala yake akaniambia wameshamteua yeye.

Nikatoka. Jioni hiyo mimi mwenyewe nilimwambia mama yangu habari za Likoni, kabla hajazisikia kwa watu. Alilia, kisha akanikasirikia, si kwa kuachwa, bali kwa kumwambia mtu mwingine kwanza.

Tovuti nayo haikukaa hivyo. Mwenyekiti alitaka picha zake za mikutano, zikarudi zikipishana juu, na saa za ibada zikasukumwa chini. Karibu na Pasaka shoga yangu akanipigia. Saa zimekataa kubadilika, watu watakuja kwa saa za uongo, nimsaidie. Nilimweleza hatua kwa hatua, kwa sauti ile ninayoongelea na wateja wa ofisini, mpaka zikakubali. Akanishukuru. Nikakata simu.

Siku hizi nasali Kisauni. Jumapili ya kwanza mama mmoja wa mlangoni aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia tumeachana. "Pole, mwanangu," akasema, akanipa kitabu cha nyimbo, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu. Nilikaa kwenye benchi nikashangaa kwamba ni hivyo tu.

Mume wangu nimeshamzoea kuwa hayupo. Ila kukitokea kichekesho kazini, dereva akazozana na askari wa geti hata tukashika mbavu, bado naitoa simu kumpigia shoga yangu. Huwa nimeshafika kwenye jina lake ndipo nakumbuka.